Homa baada ya kemo haingoji Jumatatu

Mimi ni muuguzi hapa Malindi. Wagonjwa wetu wengi wa saratani hawalazwi wodini. Huenda Mombasa, huwekewa dripu ya kemo, yaani dawa ya kuua seli za saratani, na baada ya saa chache wanapanda gari kurudi Malindi, Magarini au Lamu. Siku mbaya za dawa hiyo zinawakuta nyumbani, mikononi mwa jamaa zao. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na jamaa hao, mengine nikiulizwa kwa kuchelewa.

Kemo inafanya nini mwilini?

Inaua seli zinazogawanyika upesi. Za saratani zimo, lakini zimo pia za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na matumbo, na za uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nywele ndizo watu wanazozililia. Zitaota tena. Linalonikosesha usingizi mimi ni uboho.

Kwa nini?

Kwa sababu seli nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zinapungua. Kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Wakati huo kichefuchefu kimekwisha, mgonjwa ameanza kula wali wake, majirani wanasema ashapona. Na hapo ndipo kijidudu kidogo kinaweza kumuua.

Ni siku ya 9, mwili una moto. Tumpe Panadol tuone asubuhi?

Hapana. Mpimeni. Kipima joto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Panadol inashusha joto bila kugusa vijidudu. Jasho linamtoka, analala, nyote mnashukuru, na huku vijidudu vinaenea kwenye damu. Nimepokea wagonjwa waliopewa Panadol siku mbili mfululizo, wakafika mikono baridi na presha imeshuka. Vituo vinavyowapa kemo huwaambia jambo hili, na bado naletewa wagonjwa hivyo. Pimeni kwanza, kisha njooni.

Si huenda ni malaria tu?

Huenda. Lakini duka la dawa haliwezi kuwaambia seli nyeupe zimebaki ngapi. Hata kipimo cha malaria kikitoka na wadudu, mgonjwa wa kemo bado anahitaji kupimwa damu yote na kuanzishiwa antibiotiki ya mshipani, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike. Kumeza dawa za malaria nyumbani ni kupoteza saa hiyo.

Leo Ijumaa, kliniki yake ni Jumatatu. Si tungoje daktari wake?

Hapana, na nitasema hapana kila mkiuliza. Homa ya mtu aliye kwenye kemo haina tarehe ya kliniki. Nendeni chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Mkifika mlangoni msikae kwenye benchi kungoja zamu. Semeni kwa sauti: "Huyu yuko kwenye kemo na ana homa." Onyesheni daftari lake lenye jina la dawa na tarehe ya dripu ya mwisho.

Hana joto, ila anatetemeka na amelegea.

Njooni. Wazee, na wanaomeza dawa za steroidi, wanaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda. Damu isiyokatika puani au kwenye fizi, kukosa pumzi, kutapika hadi maji hayakai: njooni vilevile.

Hijama na mwarubaini je?

Dua ombeni, hakuna anayewazuia. Hijama ya kuchanja, hapana kabisa: ngozi inafunguliwa wakati mwili hauna kinga, na chembe sahani zinazogandisha damu nazo zimepungua. Mwarubaini na mchanganyiko wowote wa mitishamba unaweza kugongana na kemo au kuchosha ini. Kama ameshakunywa, mwambieni daktari. Hatagombezwa, lakini lazima tujue.

Nyumbani tufanye nini?

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa. Chakula kiive, maji yachemshwe, matunda yamenywe. Mwenye kikohozi au mafua asiingie chumbani kumjulia hali, hata akiwa shangazi aliyesafiri kutoka Mambrui. Kwa siku 2 baada ya dripu, anayesafisha mkojo au matapishi avae glavu.

Sisi tuko kisiwani Pate. Homa ikija usiku na kusi inavuma?

Basi safari hiyo ipangwe kabla ya siku ya 7, si usiku wa homa. Zungumzeni na nahodha mapema, wekeni nambari yake na pesa za mafuta kando. Kama mnaweza, mgonjwa akae kwa jamaa Lamu mjini, karibu na hospitali ya King Fahad, tangu siku ya 7 hadi ya 14, kisha arudi kwake. Na kipima joto mnunue leo. Kiwekeni chini ya mto wake, apimwe asubuhi na jioni, muandike.