Malaria hakuna, basi una UTI na taifodi?

Niwaulize kitu. Mara ya mwisho umeenda zahanati una homa, kichwa kinagonga, viungo vimelegea, ukapimwa malaria ikatoka hakuna, uliambiwa una nini? Wengi mtanijibu UTI, au taifodi, au zote mbili kwa mpigo, ukapewa antibayotiki ya sipro ama ukaanzishiwa sindano za masaa. Mimi ni mtu wa maabara, hivyo vipimo nimevifanya kwa mikono yangu miaka mingi, na kuna jambo sisi wataalamu tumechelewa kuwaambia wananchi waziwazi: wengi wenu hizo taifodi na hizo UTI hamkuwa nazo.

Zamani kila homa ilikuwa malaria, unameza dawa mambo yameisha. Pale Moshi walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 hadi 2008, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, waliokuwa nayo kweli ni 14 tu! Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema sasa basi, pima kwanza ndo utibu, na kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kikasambaa mpaka zahanati za vijijini. Ni sera nzuri na mpaka leo naitetea. Ila ilimpa daktari jibu la "sio malaria" halafu ikamwacha hapohapo, mgonjwa yupo mbele yake, katoka mbali na bodaboda, kalipia kipimo, anataka kuambiwa anaumwa nini. Lile pengo likajazwa na vipimo viwili, Widal ya taifodi na mkojo wa UTI.

Widal ni kipimo cha tangu 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza, tunachukua maji ya damu yako tunachanganya na dawa ya maabara tunaangalia kama vinagandamana. Sasa shida ni kwamba hao askari wanaweza kukaa mwilini muda mrefu, inaweza kuwa ni wa ugonjwa wa mwaka juzi, au wa wadudu wengine wa ukoo wa salmonela, na hata malaria inaweza kukivuruga hiki kipimo. Kukitumia sawasawa inabidi upime leo, urudi baada ya siku 10 hadi 14 upime tena, tuone kama askari wameongezeka sana. Nani anafanya hivyo? Tunapima mara moja, dakika chache karatasi imetoka imeandikwa 1:160 (namba ya kuonyesha wingi wa hao askari), unaanza dozi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuilea maabara mpaka bakteria waliomo wakue waonekane, nacho pia kinakosa wagonjwa wengi, halafu kinataka siku kadhaa, umeme usiokatika na vifaa ambavyo zahanati yetu ya kata haina.

Mkojo nao hivyohivyo. Mama anapewa kikopo bila maelezo, anakojolea ule mkojo wa mwanzo unaopita na uchafu wa nje, zinaonekana chembe za usaha kidogo, tayari ni UTI. Ukimuuliza unaungua ukikojoa? Hapana. Unaenda chooni kila saa? Hapana. Basi kwa mtu mzima wa hivyo, hizo chembe peke yake hazitoshi kumpa antibayotiki (mjamzito ni tofauti, yeye bakteria wakioteshwa kwenye mkojo wakaonekana anatibiwa hata bila dalili, na mtoto mdogo anaweza kuwa na homa tu na kweli ikawa ni UTI). Inaniuma sana kuona wanawake wanaozunguka na kile wanachokiita UTI sugu, wamemaliza dozi tatu nne, na hakuna hata siku moja mkojo wao ulioteshwa.

Kuna utafiti ulifanyika Dar es Salaam na Ifakara, ukatoka 2014, watoto 1,005 wenye homa walipimwa kwa undani kweli. Karibu asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi, taifodi haikufika asilimia 4 na UTI ilikuwa kama asilimia 6. Virusi havisikii sipro. Na kule Moshi kama robo ya wagonjwa walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kama bruselosisi, ambayo ina dawa zake, sasa mfugaji akibandikwa taifodi kila mwezi nani atamtafutia ugonjwa wake?

Sisemi taifodi haipo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari wa upasuaji wameandika kuhusu wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi. Ni hao ndo nawaogopea, manake sipro na sindano ya seftriaksoni Shirika la Afya Duniani limeziweka kundi la dawa za kuangaliwa kwa jicho kali, na tukizimaliza kwa mafua, siku utumbo umetoboka tutatumia nini? Usugu wa dawa, wenyewe tunaita UVIDA, mwaka 2019 uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa milioni 1.27 duniani.

Kwa maoni yangu Widal ya mara moja ingetolewa kabisa kwenye orodha ya vipimo vya vituo vidogo, na bima zisiilipie. Najua kuna vituo binafsi vinaishi kwa hela ya vipimo na dawa, lazima tulizungumze hilo pia. Maabara za kuotesha zisogezwe karibu, majibu yarudi mgonjwa akiwa bado anaumwa. Malawi tangu 2023 wanachanja watoto taifodi, na huko ndo pa kuangalia, pamoja na maji safi na vyoo.

Wewe ukiwa mbele ya daktari muulize tu kwa heshima, "dokta, dalili gani zinaonyesha ni taifodi? Naweza kusubiri siku mbili nikarudi?" Daktari akikwambia sijajua bado, kunywa maji, meza panadol, rudi keshokutwa, huyo hajakupuuza. Ila mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua kwa shida au akilegea haamki vizuri, usisubiri hata saa moja, na mtu mzima homa ikipita siku tatu au tumbo likakaza na kuuma sana nenda hospitali yenye maabara kubwa, na kama inawezekana damu ya kuotesha ichukuliwe kabla hujachomwa sindano ya kwanza.