Gari jipya lililokaa shoruumu bila mnunuzi: pima punguzo kwa mwaka wa kutengenezwa

Kila mwaka unapokaribia kuisha, shoruumu za Nairobi na Mombasa hutangaza punguzo kwa magari mapya ambayo yamekosa wanunuzi. Wengine hushusha laki tano, wengine milioni nzima, na gari lenyewe halijawahi kuwa na mwenyewe. Wanaofika kwenye dawati letu la ushauri kwa wanunuzi huuliza karibu swali lilelile: mbona linauzwa rahisi hivyo, lina kasoro gani?

Mara nyingi halina kasoro. Limekaa tu, na kukaa kwake kunamgharimu muuzaji. Magari mengi unayoyaona nyuma ya vioo vya shoruumu yamenunuliwa kwa mkopo wa benki, na riba haingoji mteja apatikane. Mwaka 2024 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Januari mwaka huo dola moja ilifika takriban shilingi 160, na Februari Benki Kuu ya Kenya ikapandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Aliyeagiza magari wakati huo aliyanunua kwa dola ghali na kuyahifadhi kwa mkopo ghali. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130. Mshindani wake sasa angeweza kuleta gari kama lile kwa gharama ndogo, naye akabaki na bei ambayo soko limeikataa. Sababu nyingine ni za kawaida zaidi: muundo mpya umetoka, rangi haipendwi, au shirika lililoagiza magari kadhaa limevunja oda yakiwa yameshafika. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kosa la gari.

Kwa hiyo hatumtishi mtu asinunue. Shida tunayoiona ni kwamba wanunuzi wengi hulipima punguzo vibaya. Muuzaji anakuonyesha bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na bei mpya chini yake, nawe unaihesabu tofauti yote kuwa faida. Bei ya zamani ilikuwa ya gari la mwaka ule. Leo gari hilo lina umri, hata kama plastiki bado imefunika viti.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari lililotengenezwa mwaka huu linauzwa shilingi milioni 5. Lilelile, lililotengenezwa miaka miwili iliyopita na halijatumika, linauzwa milioni 4.2. Laki nane zinavutia. Sasa piga simu kwenye yadi za magari yaliyotumika, uulize gari la aina hiyo, la mwaka huohuo wa nyuma, lililotunzwa vizuri, linakwenda kwa ngapi. Ukiambiwa milioni 3.6, umeshajua unachokilipia: laki sita za ziada kwa gari ambalo halijatembea na ambalo waranti yake ni kamili. Huenda laki hizo zikawa na thamani kwako, huenda zisiwe. Uamuzi wa busara unafanyika kwenye tofauti hiyo ya laki sita, wala si kwenye laki nane zilizoandikwa kwa wino mwekundu.

Siku utakapoliuza, mnunuzi wako atafungua logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, na kutazama mwaka wa kutengenezwa. Tarehe uliyolisajili haitamsisimua. Benki nazo huutazama mwaka huo zinapokadiria mkopo, na kampuni nyingi za bima huweka kikomo cha umri kwa bima kamili. Anayenuia kuliingiza gari kwenye teksi za mtandaoni naye aulize kikomo cha umri kabla ya kulipa, kwa kuwa miaka miwili ya kukaa yadini ni miaka miwili ya kazi iliyopotea.

Ndiyo maana tunaamini gari la namna hii linamfaa hasa mtu anayenunua ili akae nalo. Ukilitumia miaka kumi au zaidi, mwaka mmoja au miwili iliyopotea mwanzoni huyeyuka katika hesabu, na punguzo linabaki mfukoni mwako. Mwenye mazoea ya kubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu ndiye anayeumia, maana hulipa bei ya upya anaponunua na kupokea bei ya uzee anapouza.

Mwaka wenyewe uthibitishwe kwa maandishi. Kenya ina viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa, na vipuri vya gari moja vinaweza kuingia nchini mwaka mmoja kisha gari likaunganishwa mwaka unaofuata. Muulize muuzaji ni mwaka upi utakaoandikwa kwenye logibuku. Watu wengine huambiwa wasome herufi ya kumi ya namba ya chesisi. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani herufi hiyo huonyesha mwaka wa modeli, lakini watengenezaji wengi wa kwingineko hawaifuati kanuni hiyo, basi usiitegemee peke yake. Njia moja rahisi ni kuuvuta mkanda wa usalama hadi mwisho. Karibu na mahali ulipofungwa pana kitambaa kidogo kilichoshonwa, na mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa.

Kisha inama kwenye matairi. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, ufuate maandishi hadi tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 1822, tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2022. Huenda tarakimu hizo zimeandikwa upande wa ndani tu, kwa hiyo beba tochi. Soma matairi yote manne na la spea. Yakikaribiana na mwaka wa gari, sawa. Moja likiwa na tarehe ya mbali na mengine, uliza kwa nini. Gari linalokaa sana yadini huweza kung'olewa tairi, betri au kioo cha pembeni ili kumwokoa mteja mwingine aliyekuwa na haraka, na si kila mara kilichorudishwa kinalingana na kilichotolewa. Uliza pia kama gari lilikuwa likisogezwa. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa miezi hubonyea, na utausikia mtetemo kwenye usukani ukifika kilomita themanini kwa saa. Mara nyingine mtetemo huo huisha baada ya mwendo kidogo, mara nyingine hauishi, na hapo matairi yabadilishwe kwa gharama ya muuzaji.

Betri ndiyo inayoumia kwanza. Gari la kisasa hunyonya umeme kidogo hata likiwa limezimwa. Mwombe fundi apime volti asubuhi kabla gari halijawashwa: betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6, na ikisoma karibu 12 imekwisha. Betri ya risasi na asidi iliyoachwa miezi bila chaji hairudi katika nguvu yake, hata ikichajiwa usiku kucha na kuwasha gari vizuri siku unapolichukua. Dai betri mpya, na usikubali ahadi ya mdomo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili bila kujali kilomita. Oili ya injini nayo ibadilishwe kabla hujaondoka, pamoja na petroli kuukuu. Kutu nyepesi juu ya diski za breki hufutika ukishika breki mara chache, lakini gari lililokaa nje Mombasa, kwenye upepo wa chumvi, linyanyuliwe litazamwe chini. Fungua boneti uangalie kinyesi cha panya na nyaya zilizotafunwa, maana waya mmoja uliokatika ndani ya kifungu unaweza kumsumbua fundi wiki nzima. Washa kiyoyozi kwa dakika ishirini. Omba pia karatasi ya kuonyesha kwamba programu za gari zimesasishwa, na kwamba kama mtengenezaji aliwahi kuyaita magari ya aina hiyo kwa marekebisho, hili nalo limefanyiwa.

Waranti inahitaji umakini wa pekee. Watengenezaji wengi huihesabu tangu siku gari linapokabidhiwa au kusajiliwa mara ya kwanza. Kama wakala alilisajili gari kwa jina lake ili kutimiza shabaha ya mauzo au kulitumia kwa maonyesho, waranti huenda ilishaanza kuliwa, na kwenye rekodi wewe ni mmiliki wa pili hata kama mita inasoma kilomita arobaini. Hili si jambo la kufikirika. Mei 2025, mwenyekiti wa kampuni ya magari ya Great Wall, Wei Jianjun, alilalamika hadharani kuhusu magari ya aina hiyo nchini China, yaliyosajiliwa kisha kuuzwa kama mitumba bila kutembea. Kwa Kenya, tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kulipa hata amana.

Gari la umeme lichunguzwe zaidi. Betri yake kubwa huzeeka hata ikiwa imekaa, hasa ikiachwa imejaa chaji kwenye joto, kwa hiyo omba ripoti ya afya ya betri iliyotolewa na mashine ya wakala. Chunguza pia hali ya kampuni iliyolitengeneza. Machi 2024 kampuni ya Fisker ya Marekani ilishusha bei ya gari lake la umeme, Ocean Extreme, kutoka dola 61,499 hadi 37,499. Juni mwaka huohuo ikaomba ulinzi wa mufilisi. Waliokimbilia punguzo walibaki na magari mapya ambayo mtengenezaji wake hangeweza tena kuheshimu waranti. Gari linalotegemea programu linahitaji kampuni iliyo hai, na punguzo la ghafla kwa magari yote ya kampuni moja ni jambo tofauti kabisa na punguzo la gari moja jekundu lililokaa pembeni.

Sheria iko upande wa mnunuzi, ila ina masharti. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa taarifa unazohitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kuuza kitu kama kipya ilhali si kipya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inamtaka muuzaji ambaye biashara yake ni bidhaa kama unayoinunua kutoa kitu kinachofaa kuuzwa. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba ukishaikagua bidhaa, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo usizunguke gari mara moja, ukapiga teke tairi, kisha ukatia sahihi kwamba umekagua na kuridhika. Nenda na fundi wako mwenyewe, mchana, na gari lipandishwe juu.

Kila mlichokubaliana kiandikwe kwenye mkataba wa mauzo: namba ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa, kilomita zinazosomeka, betri na matairi yatakayobadilishwa, na siku, mwezi na mwaka ambapo waranti inaanza. Uliza pia kama ushuru umeshalipwa au gari bado liko chini ya forodha, na bei uliyotajiwa inajumuisha nini. Neno "lilivyo", yaani unalichukua gari pamoja na kasoro zake, likiwa limechapishwa mahali popote kwenye mkataba wa gari linalouzwa kama jipya, lifutwe kabla hujatia sahihi. Muuzaji akikataa kulifuta, salio lako libaki benki.