Kilomita 87 za milima kwa kano mbovu

Kisiwa cha Lamu hakina mlima, na hilo ndilo lililoniponza. Nilijiandikisha kukimbia Comrades, mbio za Afrika Kusini zilizoanza mwaka 1921 kati ya Durban na Pietermaritzburg, ambazo kwa kawaida hubadilisha mwelekeo mwaka hadi mwaka. Zamu yangu iliangukia mwaka wa kupanda, yaani kutoka pwani kwenda bara, kilomita 87 hivi kwa muda usiozidi saa 12. Kwa kuwa sikuwa na pa kupandia, niliamua kutumia vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuo wa Shela. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na hakuna wiki inayopita bila kumweleza mtu kwamba mwili hauzoei mzigo mpya kwa siku chache. Mimi mwenyewe nilijipa wiki mbili.

Wiki ya tatu niliamka kisigino cha kushoto kikiwa kigumu, nikaenda msalani nikishika ukuta. Nilipoibana kano ya Akilisi, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino, kwa vidole viwili, takriban sentimita 4 juu ya mfupa wa kisigino, nilikuta uvimbe mdogo mfano wa kokwa ya tende, unaouma ukiguswa. Mahali pa maumivu pana maana kubwa. Maumivu yaliyo kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino huvumilia mazoezi ya kushusha kisigino chini ya usawa wa kidato, ilhali yale yaliyo kwenye mfupa wenyewe huzidi, kwa sababu pale chini kano hubanwa dhidi ya mfupa. Kwa bahati, yangu yalikuwa ya aina ya kwanza.

Mchanga uliniumiza kwa njia inayoeleweka. Kano ya Akilisi hufanya kazi kama springi: huvutika mguu unapokanyaga, kisha huirudisha nguvu hiyo mtu anapojisukuma mbele. Mchanga mkavu huila nguvu hiyo. Unahama chini ya unyayo, kisigino kinazama, kano inavutwa kupita kawaida, na misuli inalazimika kutoa upya nguvu ambayo kwenye ardhi ngumu ingepatikana bure. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kwamba kukimbia mchangani hugharimu nishati takriban mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu. Kupanda mlima nako huvuta kano hiyohiyo, kwa kuwa vidole hukanyaga juu zaidi ya kisigino. Kwa hiyo nilikuwa nimeitwika kano moja mizigo miwili, nikidhani naizoesha mmoja. Hata ufuoni mtu anahitaji kuchagua wakati: siku za bamvua, maji yakipwa, mchanga wa Shela huwa mgumu na mpana, lakini maji yakiwa nusu njia hulala mshazari kuelekea baharini, na mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenzake kwa kilomita nzima.

Watu wengi huja kwangu wakiwa wamepumzika mwezi mzima na bado wanachechemea. Kano isiyopewa kazi hudhoofika, na maumivu hurudi siku ya kwanza ya kukimbia. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha utaratibu ambao hadi leo tunautumia, mara nyingi ukiwa umerekebishwa: mgonjwa huinuka kwa mguu mzima kwenye ukingo wa kidato, kisha hushusha kisigino polepole kwa mguu mbovu peke yake, mara 15 kwa mizunguko 3, goti likiwa limenyooka, na tena mizunguko 3 goti likiwa limekunjwa kidogo. Hufanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki 12. Kwa hesabu hiyo kisigino hushuka mara 180 kwa siku, na ninakiri kwamba kabla ya kuyafanya mwenyewe nilikuwa nikiwaandikia wagonjwa mazoezi hayo kwa wepesi mno.

Mahali pangu palikuwa kidato cha daka la nyumbani, mkono mmoja ukigusa mwimo wa mlango. Mzee jirani, ambaye huketi barazani baada ya Alasiri, alinitazama siku nne bila kusema neno. Siku ya tano aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, “Daktari, mlango ndio unaokataa kufunguka, ama ni wewe unayekataa kuingia?”

Kipimo changu cha maumivu kilikuwa kile ninachowapa wagonjwa. Kwenye kiwango cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 5 wakati wa mazoezi yanakubalika, ilimradi kesho yake asubuhi kano iwe imerudi ilivyokuwa. Ugumu wa asubuhi ndio shahidi wa kuaminika. Wakati wa kukimbia, mwili ukishapata joto, kano huficha mengi.

Siku kumi kabla ya safari niliugua tumbo, na katika duka moja la dawa nikapewa ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, bila kuulizwa swali hata moja. Dawa za kundi hilo zinajulikana kudhoofisha kano, hasa ya Akilisi, wakati mwingine hadi kukatika, na tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza ziwekewe onyo zito juu ya hatari hiyo. Niliirudisha, nikamwona tabibu anipe nyingine. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofen nazo sikuzibeba, kwa sababu figo za mtu anayekimbia saa nyingi akiwa amepungukiwa maji tayari zina mzigo wa kutosha.

Saa 12 kwa kilomita 87 ni dakika 8 na sekunde 17 kwa kila kilomita, kwa hiyo hesabu iliniruhusu kutembea. Nilitia kipande cha mpira cha milimita 6 chini ya kila kisigino ili kano isivutike sana, na nikaamua kutembea kila mlima kuanzia wa kwanza, kwa hatua fupi, hata pale nilipojiona nina nguvu. Cowies Hill, Fields Hill na Botha's Hill nilizipanda hivyo, nikipitwa na watu ambao baadhi yao niliwakuta baadaye wameketi kando ya barabara. Hadi Drummond, katikati ya safari, maumivu ya kano hayakuzidi 4. Nilijipongeza mapema.

Kwenye mteremko wa Inchanga goti la kulia lilianza kuuma. Mteremko huipunguzia kano kazi na kuihamishia kwenye misuli ya mbele ya paja, inayolazimika kufunga breki huku ikirefuka, na mimi kwa saa sita nilikuwa nikiulinda mguu wa kushoto bila kujua, nikitua kwa uzito zaidi kulia. Kutoka hapo nilitembea miteremko na kukimbia tambarare tu. Polly Shortts, mlima wa mwisho, huja zikiwa zimebaki chini ya kilomita 10, na sikumbuki mengi juu yake isipokuwa migongo ya watu. Nilimaliza kwa saa 11 na dakika 52. Mlio wa bastola wa saa 12, ambayo hufyatuliwa na mtu anayewapa mgongo wakimbiaji, niliusikia nikiwa nimelala kwenye nyasi.

Siku ya tano nikiwa nimerudi Lamu, nilisimama tena dakani na kuhesabu mara ninazoweza kuinuka kwa mguu mmoja. Kabla ya mbio mguu wa kushoto ulikuwa umefika 21; sasa uligota kwenye 9. Baada ya wiki tatu za kidato ulirudi 20. Goti la kulia, ambalo sikuwa nimelifanyia zoezi hata moja la kushuka ngazi, lilinichukua miezi miwili na nusu.