Ganzi ya mikono kwa mjamzito si lazima iwe upungufu wa damu

Mjamzito akiamka usiku vidole vimekufa ganzi, huambiwa damu imepungua, aongeze vidonge vya madini ya chuma. Mara nyingi chanzo ni kingine. Mwili wa mjamzito huhifadhi maji mengi, na kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano 9 (nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa) na neva moja, yaani mshipa wa fahamu. Tishu zikivimba humo, neva hubanwa.

Angalia vidole: ganzi hushika gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete. Kidole kidogo husalimika, maana kina neva yake nyingine.

Usiku huwa mbaya zaidi kwa sababu tunalala tumekunja kifundo. Vaa banzi, kifaa kigumu cha kushikilia kifundo, linalokinyoosha sawasawa, bila kukipinda juu wala chini. Lisikaze, kwani likikaza linabana neva ileile. Usimeze dawa za kupunguza maji wala ya maumivu aina ya ibuprofeni bila daktari.

Wengi hupona wiki au miezi kadhaa baada ya kujifungua. Gumba likilegea, wahi kliniki. Uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo: huenda ni kifafa cha mimba kinanyemelea.