Je, wajua kwa nini ramani ya kijiji huchorwa mchangani?

Ukipita kijijini siku ya kupanga maendeleo, huenda ukakuta watu wameinama chini ya mwembe wakimwaga majivu ardhini. Mstari wa majivu ni barabara, mawe ni visima, vizibo vya soda ni nyumba. Pembeni wamesimama ofisa wa halmashauri na mwezeshaji wa shirika lisilo la kiserikali, mikono mitupu.

Kwa miaka mingi niliamini sababu ni uhaba wa karatasi, au kwamba wengi hawajui kusoma. Nilikosea. Mara nyingi bango kitita na kalamu za rangi zipo, zimefungwa tu kwenye boksi. Mwalimu mstaafu naye humwaga majivu kama jirani yake. Na karatasi hutumika mwishoni, mchoro unaponakiliwa upelekwe ofisini.

Kinachokwepwa ni kalamu, kwa kuwa hushikwa na mmoja. Chukua pilau. Likiwa jikoni, mwenye upawa ndiye huamua nani apate nyama. Likiwekwa siniani, kila mtu anakula upande wake, na mnofu ukivutwa, wote wanaona. Mchangani ni hivyohivyo: mama anayechota maji kila alfajiri anainama, anaondoa jiwe moja na kusema, "Hiki kilishakauka." Aliyeliweka haaibiki, maana mchanga unasawazishwa kwa kiganja. Kwenye karatasi, mama huyo angelazimika kukata kazi ya mtu kwa wino mbele ya kadamnasi.

Mwaka 1988, Sekretarieti ya Taifa ya Mazingira ya Kenya na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani zilipanga maendeleo pamoja na wananchi wa Mbusanyi, Machakos, kwa njia hii ya kuwashirikisha wenyeji. Robert Chambers, mtafiti Mwingereza wa maendeleo aliyeeneza njia hii duniani, alikiita kiini chake kukabidhi fimbo, yaani mgeni kumwachia mwananchi kijiti cha kuchorea. Tanzania ina utaratibu wake wa serikali, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaoanzia kijijini, ingawa mpango uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji bado husubiri bajeti ya halmashauri.

Tena sinia halifuti ukubwa wa mtu. Wazee wakitangulia kuinama, wanawake na vijana hubaki nyuma. Ndiyo maana wawezeshaji wengi huwapa wanawake nafasi yao kando, na hapo huweza kujitokeza njia za kuni na vijito ambavyo wanaume hawakuviweka. Ramani zote mbili hunakiliwa siku hiyohiyo, kabla upepo na mbuzi havijapita.