Cheo si hisani kwa mwenye ulemavu
Hapa Mwanza, kuanzia viwanda vya minofu ya sangara hadi ofisi za mjini, nasikia kauli inayoniumiza: mwenye ulemavu akishaajiriwa ashukuru, cheo asidai. Si kweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na wengi huishia hapo. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi hata katika kupandisha vyeo. Sharti linaloruhusiwa ni lile ambalo kazi yenyewe haiwezekani bila hilo. Msimamizi wa zamu anayekagua minofu, kudaiwa leseni ya udereva ili apate cheo hicho ni kwa nini? Sharti hilo linamfungia nje mtu wa kiti mwendo anayeijua kazi kuliko wote.