Saini za Ligi Zilizokufa: Kwa Nini Nawatafuta Wasiojulikana

Wageni wakija kwangu hapa Houston na kuyaona mafaili ya kadi za picha za wachezaji kwenye rafu, wengi huuliza kama nina Tom Brady, nyota mkubwa wa futiboli ya Kimarekani. Sina, na sijawahi kumtafuta. Mafaili yangu yana wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, lakini ni wale waliocheza kwenye ligi zilizojaribu kusimama pembeni ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Karibu zote zilianguka. Kila kadi ninayoitafuta lazima iwe imesainiwa na mchezaji mwenyewe, kwa mkono wake.

Juzi mpwa wangu, aliyezaliwa hapa na anayeijua NFL kuliko anavyoijua Simba na Yanga, alifungua faili la 1984 akanyooshea kidole kadi moja.

“Mjomba, huyu ni nani?”

Nikamwambia ni mtu wa safu ya mbele wa Houston Gamblers, timu ya moja ya ligi hizo, mmoja wa wale waliokuwa wakimkinga kwotabeki, yaani mrusha mpira, Jim Kelly, asiangushwe.

“Ana thamani?”

“Kadi yenyewe ni dola moja. Saini yake nimeisaka miaka sita.”

Alinitazama kama mtu anayedhani hakusikia vizuri. Nikaona niyaandike haya, maana wapo na wengine wanaoniuliza hivyo hivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu ligi zenyewe. Iliyofanikiwa kweli ni AFL, iliyoanza kucheza mwaka 1960, ikakubaliana na NFL kuungana mwaka 1966, na muungano ukakamilika 1970. Kampuni ya Fleer iliitolea AFL kadi 132 mwaka ule ule wa 1960, na Topps ikaja na kadi zake ndefu za 1965, ambazo ndani yake yumo Joe Namath akiwa kijana. Hizo sasa ni za watu wenye fedha. WFL ilianza 1974 na kufa Oktoba 1975, msimu ukiwa katikati. World League ilianza 1991 na timu za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, baadaye ikaitwa NFL Europe, ikafungwa 2007. XFL ya kwanza ilicheza msimu mmoja tu, 2001. AAF ya 2019 ilisimama baada ya wiki nane. XFL ikafufuka 2020, korona ikaikatiza, ikarudi tena 2023, na mwaka uliofuata ikaungana na USFL mpya kuwa UFL.

Moyo wangu uko kwenye USFL ya zamani, ya 1983 hadi 1985. Wazo lao lilikuwa rahisi: kucheza majira ya kuchipua, NFL ikiwa imelala. Walimwaga fedha. Herschel Walker, aliyeshinda mwaka 1982 tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vikuu, alikwenda New Jersey Generals badala ya kungoja NFL. Steve Young alisaini na Los Angeles Express mkataba uliotangazwa kuwa wa dola milioni 40, sehemu kubwa ikiwa ya kulipwa polepole kwa miaka mingi. Reggie White alikwenda Memphis Showboats. Kelly akaja hapa Houston, na mwaka 1984 alirusha mpira kwa jumla ya yadi 5,219, na mirusho yake 44 ikazaa alama za mguso (touchdown). Kisha wenye timu wakaamua kuhamia msimu wa vuli, wapambane na NFL uso kwa uso, na wakaishtaki mahakamani kwa kuhodhi soko. Julai 1986 baraza la mahakama lilikubali kwamba NFL imehodhi soko, likaipa USFL fidia ya dola moja. Kwa sheria za ushindani wa biashara fidia huzidishwa mara tatu, kwa hiyo ikawa dola tatu. Hundi iliyokuja kulipwa, pamoja na riba, ilikuwa ya dola 3 na senti 76. Ligi haikucheza tena.

Kilichobaki cha kushikika ni kadi. Topps ilitoa seti mbili, 1984 na 1985, kila moja kadi 132. Hazikuuzwa kwenye paketi pamoja na bazoka (na ile Bazooka yenyewe, ambayo wengi wetu tuliitafuna utotoni bila kujua inakotoka, ilianzishwa na Topps hao hao miaka ya 1940). Ziliuzwa seti nzima ndani ya boksi. Ukinunua boksi la 1984 unapata Kelly namba 36, Young namba 52, White namba 58 na Walker namba 74, na pamoja nao watu zaidi ya mia ambao hata hapa Texas huwezi kumkuta anayewakumbuka.

Kuhusu hao wakubwa kuna ubishi wa miaka mingi ambao lazima uujue kabla hujatoa fedha. Je, kadi ya 1984 ndiyo kadi ya kwanza ya Steve Young, au ni ile ya 1986 kwenye seti ya Topps ya NFL? Kadi ya White ya NFL nayo ilitoka 1986, ya Kelly 1987. Wachapishaji wa bei walizipa kadi za USFL jina la pembeni, kana kwamba ni kadi ya kwanza lakini si ya kwanza kabisa. Mimi msimamo wangu ni mmoja. Mtu alikuwa analipwa mshahara, anavaa jezi, anavunjika mbavu mbele ya watazamaji. Kadi iliyotolewa wakati huo ni kadi yake ya kwanza.

Sasa nije kwenye saini, ambako ndiko watu wanakopotea.

Mkusanyaji mgeni hudhani ugumu uko kwa mashujaa. Ukweli ni kinyume. Kelly na Young wako kwenye Jumba la Heshima la futiboli, wanaalikwa kwenye maonyesho ya kadi, wanakaa mezani na kusaini mamia kwa siku moja. Ukiwa na fedha unaipata saini ya Kelly wiki hii. Lakini yule mlinzi wa Oklahoma Outlaws aliyecheza misimu miwili akaenda kufundisha shule ya sekondari, nani aliwahi kumwomba asaini? Huenda kadi zake zilizosainiwa duniani kote hazifiki ishirini. Anaweza kufariki, na familia isijue kama kuna mtu angeihitaji. Anayejaza seti ya kadi 132 zilizosainiwa hukwama kwa watu kama hao.

Reggie White yeye ni mgumu kwa sababu nyingine. Alifariki Desemba 2004 akiwa na miaka 43. Alisaini sana alipokuwa hai, na kwa kuwa alikuwa mhubiri, mara nyingi aliongeza kifungu cha Biblia chini ya jina lake. Lakini mashabiki wengi walimletea kadi za Philadelphia Eagles na Green Bay Packers, timu alizochezea baadaye kwenye NFL. Waliokumbuka kubeba kadi ya Memphis ni wachache, na idadi yake haitaongezeka. Sam Mills, aliyekuwa nguzo ya timu ya Stars iliyoshinda ubingwa wa USFL wa 1984 na 1985, alifariki mwaka 2005, miaka 17 kabla ya kuingizwa kwenye Jumba la Heshima.

Saini zangu nyingi nimezipata kwa posta. Naandika barua fupi kwa mkono, naweka kadi moja au mbili tu, pamoja na bahasha nyingine yenye stempu na anwani yangu tayari, ili mzee asigharamike hata senti. Naeleza ninachokijua kuhusu mechi zake. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mtu anayeombwa saini na asiyemjua hutambua haraka. Wapo waliojibu baada ya siku tisa. Mmoja alijibu baada ya miaka mitatu, bahasha ikiwa na stempu nilizokwisha kuzisahau.

Yule wa Gamblers niliyemweleza mpwa wangu nilimpata ana kwa ana, kwenye chakula cha mchana cha kanisa moja kusini mwa jiji. Vidole vyake viwili vimepinda, havinyooki tena, na kadi ilipokuwa kiganjani mwake ilionekana ndogo kama stempu. Hakusaini mara moja. Aliigeuza nyuma, akasoma urefu wake na uzito wake wa wakati ule, akatabasamu. Akasema mama yake ndiye aliyekuwa akitunza kadi hizi, na tangu mama afariki hajaiona hata moja. Akasaini polepole, herufi zote zikisomeka, akaongeza namba ya jezi. Nilikuwa na kadi mbili, nikamwachia moja.

Kuhusu wino: tumia maka peni ya ncha nyembamba, rangi ya buluu. Nyeusi huzama kwenye picha yenye kivuli, na kwa mbali huweza kudhaniwa imechapwa kiwandani. Kalamu ya kawaida huacha mfereji kwenye karatasi, usimpe mtu. Kadi za 1984 ni karatasi ya kizamani, inanywa wino vizuri. Kadi za siku hizi zinang'aa kiasi kwamba wino hukataa kushika, hujikusanya vitone kama maji juu ya jani la mgomba. Dawa yake ni kupitisha poda ya mtoto kidogo kwa kitambaa laini, uifute, ndipo umpe mchezaji. Kisha isiguswe kwa dakika kadhaa. Na usiitundike panapopiga jua. Nimeona saini ya buluu ikigeuka kijivu, kisha ikabaki kivuli.

Kwenye kadi mpya utakutana pia na saini za stika. Kampuni humpelekea mchezaji karatasi zilizojaa stika angavu, anazisaini nyumbani kwake, kisha kiwandani wanazibandika kwenye kadi. Saini ni ya kweli, sikatai. Ila mchezaji hakuigusa kadi ile, pengine hakuwahi kuiona, na kwangu hiyo ni tofauti kubwa.

Sasa bandia. Mashine ya kusaini huchora saini ile ile kila mara, kwa hiyo linganisha mbili: zikilaliana sawasawa bila kupishana hata unywele, hakuna binadamu hapo. Mwanzo na mwisho wa mstari huwa na kitone kizito, na mgandamizo haubadiliki njiani. Muigaji naye husitasita. Mstari unatetemeka mahali ambapo mwenyewe angepita kwa kasi. Miaka ya 1990 FBI ilifanya operesheni kubwa iliyoitwa Bullpen dhidi ya mitandao ya saini feki za wanamichezo, kwa hiyo tatizo hili si geni.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa dola mia nne kwa kadi ya White iliyosainiwa, kwenye onyesho moja, muuzaji akiwa na meza nzuri na maneno mazuri. Nyumbani nikaiweka chini ya lenzi. Kwenye kadi halisi picha ina nukta za rangi, lakini maandishi meusi ni meusi mfululizo, kingo zake safi. Kwenye ile yangu hata herufi za jina zilikuwa nukta nukta, dalili kwamba kadi ilipigwa picha na kuchapwa upya. Kadi ilikuwa feki, na saini sikuhangaika nayo tena. Muuzaji hakupokea simu. Tangu siku hiyo lenzi iko mfukoni, na naitumia mbele ya muuzaji kabla sijatoa pochi.

Kampuni za uthibitisho kama PSA, JSA na Beckett zinasaidia kwa majina makubwa. Kwa mtu wa Oklahoma Outlaws zinakuwa hazina cha kulinganishia. Hapo unajitegemea: tafuta vitabu vya programu za mechi vilivyosainiwa wakati ule, barua, picha za timu. Kumbuka pia mkono hubadilika. Wengi mwaka 1984 waliandika jina zima, leo wanaandika herufi mbili na mstari.

Seti yangu ya 1984 imefika kadi 97. Namba 58, ile ya White, bado ni tundu tupu kwenye faili. Wiki hii nimepata anwani ya aliyekuwa mpiga mateke wa timu moja ya Florida, ana zaidi ya miaka sabini, na barua yake iko hapa mezani. Nimeiandika mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndefu mno.